Kuandika Jina kwa Wino kwenye Nguo na Vifaa vya Kambi ya JKT
Kijana anayeripoti kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Oljoro, Arusha, akiwa na bukta ya bluu na fulana ya kijani zinazofanana na za wenzake wote, asipoziandika jina kabla ya kuondoka nyumbani atazitafuta sana siku ya kufua.

Fulana mpya ifuliwe kwanza kwa sabuni ya kawaida, kwa kuwa wanga wa kiwandani huzuia wino kuingia kwenye nyuzi, kisha ikaushwe kabisa. Weka kadibodi ndani ili wino usipenye upande wa pili, ivute ikazane, na uandike kwa maka peni ya wino usiofutika, kwa herufi kubwa, bila kutua mahali pamoja, maana wino husambaa. Iache siku nzima. Juni na Julai, baridi inapobana, siku mbili. Ndipo uipige pasi juu ya kitambaa kikavu.

Kwenye bukta ya bluu wino mweusi hauonekani, hivyo shona utepe mweupe wa pamba ndani ya kiuno na uandike hapo. Binafsi napendelea njia hii hata kwa shuka. Begi la turubai hupokea wino vizuri. Sahani ya bati haiushiki kwa muda mrefu: ikwaruze jina kwa msumari.