Kupanga matembezi mepesi ya mzunguko katika misitu ya hifadhi ya Dodoma

Mtu aliyezoea milima ya Lushoto au Uluguru akifika Dodoma huiona nchi hii kuwa rahisi kwa mtembeaji, kwa kuwa vilima vyake vya mawe ni vifupi na kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuna matope. Kinachomchosha ni jua. Kwa sababu hiyo ninashauri kwamba njia ya mzunguko, yaani ile inayoanzia na kuishia mahali pamoja bila kurudia hatua zile zile, ianze kupangwa kwa kuitazama nusu yake ya pili, ambapo miguu imekwisha kuchoka, maji yamepungua na jua limepanda.

Kabla ya ramani, hata hivyo, kuna ruhusa. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ilhali misitu ya vijiji iko mikononi mwa serikali za vijiji na kamati zao za maliasili. Fika ofisini siku moja au mbili kabla, ueleze idadi yenu, na uulize kuhusu kiingilio na kama mnatakiwa kuongozana na mwenyeji. Mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero ni jambo jingine: yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), yana wanyama wakubwa, na sioni kuwa yanafaa kwa matembezi mepesi ya familia. Anayependa kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, naye aanzie katika ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, ambako hupewa mtu wa kumwongoza.

Ukiwa kijijini, uliza pia mizinga ya nyuki imetundikwa upande gani. Swali hili husahauliwa mara nyingi, ingawa ufugaji wa nyuki umeenea sana katika mikoa ya kati na mzinga uliotundikwa juu ya mti hauonekani kwa haraka. Njia ipite mbali na miti hiyo, na watembeaji wasijipulizie manukato.

Kwa wanaoanza, kilomita 5 au 6 zinatosha. Barabarani mtu mzima hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, lakini ndani ya vichaka vya migunga, penye mawe na mchanga, na hasa mkiwa na watoto, hesabu kilomita 2 na nusu tu. Mzunguko wa kilomita 6 utachukua takribani saa 2 na nusu, na ukiongeza nusu saa ya kupumzika unapata saa 3. Mkianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtamaliza saa tatu na nusu. Usipime umbali kwa mstari ulionyooka katika ramani ya simu. Fuata kila kona ya njia, la sivyo hesabu yote itakudanganya.

Mwelekeo wa kuzunguka unastahili kufikiriwa kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa njia inazunguka kilima, anzeni upande wa mashariki wakati jua bado ni dogo, kisha mrudi kwa upande wa magharibi, ambao kilima chenyewe huendelea kuutilia kivuli kwa muda. Mwinuko mkali nao uwe mwanzoni. Niliwahi kuzunguka kinyume kwa sababu tu gari lilikuwa limeegeshwa karibu na njia ya magharibi, na mpando mfupi nilioudharau katika ramani nikaukuta mwishoni, juu ya mwamba usio na mti hata mmoja.

Njia ya mzunguko ina kasoro moja: ukishapita katikati, kurudi ulikotoka ni mbali kuliko kuendelea. Weka alama ya njia moja ya mkato, na mkubaliane mapema kwamba ikiwa hamjafika katikati ifikapo saa mbili na robo, mtageuka. Jihadharini na njia za ng'ombe pembezoni mwa msitu, kwa maana ni pana na zinavutia kuliko njia ya watu, lakini hutawanyika ovyo na aghalabu huishia lamboni. Mbuyu ni alama nzuri, mradi usiwe mmoja kati ya mibuyu kumi inayofanana. Upige picha pamoja na jiwe au kilima kilicho nyuma yake.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti, ijapokuwa asubuhi huwa na baridi na upepo unaohitaji sweta. Oktoba na Novemba joto huwa kali. Kati ya Desemba na Aprili tatizo ni makorongo: mchanga mkavu mliouvuka asubuhi unaweza kujaa maji ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, juu ya kijito, bila tone kuwaangukia ninyi. Katika miezi hiyo chora mzunguko usiolazimisha kuvuka korongo kubwa kati yenu na gari.

Kila mtu mzima abebe lita 1 na nusu ya maji, na zaidi wakati wa joto, wala msitegemee maji ya lambo. Vaeni suruali ndefu na viatu vilivyofunikwa, kwa ajili ya miiba na upupu, ambao maganda yake yaliyokauka huwasha vibaya. Mtu wa mbele aangalie anapokanyaga, maana nyoka aitwaye kifutu hulala njiani bila kukimbia. Mwisho, mwachieni mtu mjini jina la msitu, njia mliyochora na saa ya kurejea, na mmpigie simu mara mnapofika kwenye gari.