Kutunza picha na kanda za zamani kwenye unyevu wa Mtwara

Chumba chetu cha kumbukumbu kiko Mikindani, karibu kabisa na bahari. Kuanzia Desemba hadi Aprili kuta hutoa jasho. Kwa hiyo mtunza picha wa huku hupambana na unyevu kwanza, skana baadaye.

1. Anza na hewa. Kipimo cha unyevu kitundike ndani ya kabati, si ukutani. Unatafuta asilimia 30 hadi 50, na kwa mvua zetu huipati bila msaada. Mimi hutumia masanduku ya plastiki yenye mfuniko unaobana na namba 5 chini (alama ya aina ya plastiki, polipropilini), pamoja na vifuko vya silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, visivyogusa picha. Punje za chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji. Zikaushe kwenye oveni mpaka rangi irudi. Sanduku lisikae sakafuni. Wenye maghala ya korosho wanalijua hili: gunia hukaa juu ya chaga, mbali na ukuta.

2. Nusa negativu, yaani filamu zilizosafishia picha. Ukisikia harufu ya siki, plastiki yake inaoza, na asidi inayotoka huozesha negativu za jirani. Itenge siku hiyohiyo, uiskani kabla ya nyingine zote, maana hakuna dawa ya kuirudisha.

3. Safisha kwa brashi laini tu, ukitoka katikati kwenda pembeni. Maji hapana, spiriti hapana. Picha iliyoota ukungu iache ikauke kwanza, kisha ifutie nje ukiwa na barakoa. Ukungu mbichi ukiusugua unauzamisha ndani ya picha.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue. Mwaka wangu wa kwanza niliibandua moja ya harusi, taratibu kabisa, nikaona uso wa bibi harusi ukibaki kwenye kioo. Wenyewe hawakuwa na nyingine. Siku hizi naiskani humohumo ndani ya fremu.

4. Geuza nyuma. Hapa usiwe na haraka. Tuna picha ya wanaume wawili wamesimama kwenye ukuta mtupu, ingeweza kuwa popote. Nyuma kuna wino uliopauka: "Mimi na shemeji, stesheni." Mzee aliyeileta akatueleza kuwa ni stesheni ya reli ya Mtwara–Nachingwea, iliyojengwa kwa mpango wa karanga wa Waingereza na kung'olewa miaka ya 1960. Basi skani pande zote mbili, umwulize aliyeleta, uandike majibu yake kwa penseli juu ya bahasha kabla hujaingiza picha. Kalamu ya wino huvuja na kupenya.

5. Kanda zisimame wima kama vitabu. Vunja kile kijimeno cha plastiki kwenye ukingo wa kaseti kinachoruhusu kurekodi, ngoma ya jando isije ikafutwa na kidole kimoja. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiicheze: utachafua deki, na deki itachafua kanda zote zinazofuata.

6. Nakala. Picha ya karatasi skani kwa nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF (aina ya faili lisilopunguza ubora wa picha), nakala tatu. Moja ikae mbali na pwani. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, watu wa Mtwara waliambiwa wahame maeneo ya hatari. Kikaenda kupiga Msumbiji. Diski zetu zote wakati huo zilikuwa kwenye kabati moja. Sasa ya tatu iko Masasi, na kila Juni naifuata, nafungua mafaili kuona kama yanasoma, kisha nairudisha.