CD ya gari: andika karibu na tundu, usibandike stika

Kama bado unachoma CD za kusikiliza garini, achana na stika za karatasi. Andika kwa maka peni ya ncha laini, yenye wino wa maji, kwenye ule mduara wa plastiki angavu unaozunguka tundu la katikati. Pale hakuna kilichorekodiwa. Redio nyingi za gari huvuta CD kwa roli za mpira kupitia mdomo mwembamba, na CD yenyewe ina unene wa milimita 1.2 tu. Gari likishinda juani gundi hulainika, ukingo wa stika hunyanyuka, CD inanasa, na kuitoa ni mpaka redio ifunguliwe. Bolpeni nayo usiiguse kabisa: data iko upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba mno, na mkwaruzo mmoja unatosha wimbo kurukaruka. Acha wino ukauke kwanza. Tatizo lake, wino wa maji hufutika kwa vidole vyenye jasho, kwa hiyo orodha ya nyimbo iandike kwenye kasha. Yenye stika tayari usiibandue, utang'oa na tabaka la data. Inakili kwenye CD mpya.