Jinsi ya kuandika riwaya ya upelelezi kuhusu visukuku vya ranchini: anza na hati ya ardhi

Mwandishi anayeanza huuliza, "Nani kauiba mfupa?" Swali hilo halifiki mbali. Kwenye riwaya ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, maswali yenye nguvu ni mawili: mfupa ni mali ya nani, na ulilala wapi hasa kabla haujaguswa. Ukiyashika hayo, wizi, uongo na hata mauaji vitapata sababu. Hapa nafuata hadithi ya mfano iliyo Montana, Marekani, ambako ranchi za ng'ombe ziko juu ya miamba ya Hell Creek, yenye mifupa ya dinosauri kama Tyrannosaurus na Triceratops.

Hatua ya 1: Chora mipaka kabla ya kumtafuta maiti

Marekani, kisukuku kilichomo kwenye ardhi ya mtu binafsi ni mali ya mwenye ardhi, naye anaweza kukiuza. Kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho mambo ni tofauti: mfupa wa dinosauri hauchimbwi bila kibali, wala hauuzwi. Ranchi nyingi za huko zina ardhi za aina zote mbili. Mfugaji anamiliki kilima, lakini korongo lililo chini yake amelikodi serikalini kwa malisho, na uzio wa ng'ombe si lazima ufuate mpaka wa kwenye hati. Mita hamsini tu zinaweza kumgeuza tajiri kuwa mhalifu.

Kisome kisa cha Sue kwa makini kabla ya kuandika chochote. Mwaka 1990 Sue Hendrickson aliiona mifupa ya Tyrannosaurus kwenye ranchi ya Maurice Williams, South Dakota, na dinosauri huyo akapewa jina lake, Sue. Wachimbaji walimlipa mfugaji dola 5,000. Mwaka 1992 FBI waliichukua mifupa, na mahakama ikaamua kwamba ardhi ile ilikuwa chini ya udhamini wa serikali, hivyo mauzo hayakuwa halali bila idhini yake. Mwaka 1997 dinosauri Sue alipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 8.3, akaenda kwenye makumbusho ya Field, Chicago. Kila mhusika pale alikuwa na hoja, na riwaya yako inahitaji watu wa namna hiyo.

Hatua ya 2: Chagua mwaka

Mimi ningechagua majira ya joto ya 2018. Wakati huo kesi ya Montana ilikuwa bado mahakamani: mtu mwenye haki ya madini chini ya ranchi ana haki pia kwenye dinosauri? Bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 2019 kwamba visukuku ni vya mwenye uso wa ardhi, na Mahakama ya Juu ya Montana ikaamua mwaka 2020 kwamba si madini. Ukiiweka hadithi kabla ya hapo, ndugu aliyeuza shamba akabaki na haki ya madini ana kila sababu ya kunyemelea usiku. Ila mhusika wako wa 2018 asitaje Tyrannosaurus aitwaye Stan kuuzwa kwa dola milioni 31.8, hilo lilitokea 2020.

Hatua ya 3: Mfundishe mpelelezi kupanda mteremko

Barafu ya kipupwe hupasua mwamba, mvua huosha, na vipande vya mfupa hubingirika hadi chini ya korongo. Mwindaji wa visukuku huviona huko chini, kisha hupanda polepole akifuata vipande hadi mahali vinapokoma. Hapo ndipo mfupa ulipo, ndani ya ukingo. Akitilia shaka kama ni mfupa au jiwe tu, hugusa kwa ulimi: mfupa wenye vitundu hunata.

Zitawanye dalili zako kwa mpangilio huohuo. Kipande cha kwanza kiwe kidogo, kiko mbali na chanzo, na kimeokotwa na mtu asiyejua thamani yake. Kila sura impandishe msomaji kidogo.

Hatua ya 4: Jenga uongo juu ya tabaka la mwamba

Hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote. Juu ya Hell Creek kuna miamba ya Fort Union, yenye mikanda ya makaa ya mawe. Hiyo iliwekwa baada ya dinosauri kutoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Sasa mwovu wako amechimba korongoni, kwenye ardhi ya serikali. Anaandika daftarini kwamba mfupa ulitoka kilimani, kwenye ardhi ya ranchi. Lakini kilima chote ni Fort Union.

Ushahidi uingie kwa njia ya kazi yenyewe. Mfupa hufunikwa karatasi iliyolowa, kisha vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, hadi unakuwa ndani ya gamba gumu pamoja na mwamba wake. Gamba hilo hufunguliwa karakanani miezi kadhaa baadaye, na mtu ambaye hakuwepo. Mpe mtu huyo mistari michache:

"Umesema mlikuwa juu, penye makaa?"
"Ndiyo. Daftari linasema hivyo."
"Mbona huu ni mchanga wa mto? Chembe moja ya makaa sijaiona."

Asiongeze neno. Msomaji aliyesoma kwa makini sura ulikoyataja makaa ya kilimani atarudi nyuma mwenyewe.

Hatua ya 5: Wahusika

Usimfanye mchimbaji wa biashara mwovu kwa sababu tu anauza. Wengi wao wana ustadi mkubwa, na bila wao mifupa mingi ingeliwa na mvua. Mfugaji mwenye deni na mtafiti anayetaka jina wapewe kishawishi sawa na chake.

Hatua ya 6: Ukitaka kuihamishia Laikipia

Ranchi zipo, lakini kisa hakihami kilivyo. Kenya, kama Tanzania, visukuku viko chini ya ulinzi wa serikali na huchimbwa kwa kibali, kwa hiyo mwenye ranchi hana cha kuuza kihalali. Fumbo lihame kutoka kwenye hati ya ardhi liende kwenye njia ya kutorosha mzigo: nani alitia saini karatasi za kusafirishia, na sandukuni waliandika kuna nini.