Madoa na mikunjo usoni: kabla hujamfanyia mteja pilingi, mkague kwanza

Wenzangu mnaohudumia ngozi za watu, naandika hapa vile ninavyofanya mteja akija na madoa usoni na mikunjo imeanza machoni, maana wengi tunakimbilia kumfanyia pilingi (kuondoa tabaka la juu la ngozi kwa asidi) siku ileile. Mi nilishafanya hivyo nilipokuwa naanza, mteja akarudi wiki mbili baadaye doa limekolea kuliko alivyokuja, nililia siku ile. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, ukiiunguza inajibu kwa weusi, hilo lishike kabla ya yote.

Hatua ya 1: Mkague
Muweke karibu na dirisha, uso umeoshwa, hana mekapu. Madoa yaliyobaki palepale palipokuwa na chunusi ni alama za chunusi tu. Yakiwa mapana, yamekaa mashavu yote mawili, paji la uso na juu ya mdomo, hiyo inaelekea melasma, madoa yanayochochewa na homoni, jua na joto, basi uliza kama ana mimba, kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kama anakaa sana kwenye moto.

Halafu mwambie akuonyeshe mikono. Uso umeng'aa lakini vifundo vya vidole vyeusi tii, hapo shuku krimu za kujichubua, na nyingi zina steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au hata zebaki. Muulize taratibu mkiwa wawili tu, watu wanaficha hili kwa aibu na ukimkaripia hatarudi. Akikubali kwamba anatumia, usimpake kitu kikali, mpeleke kwa daktari wa ngozi, maana steroidi ikikatwa ghafla uso unaweza kuwaka vibaya. Na doa linalokua, linalobadilika rangi au kutoa damu, hilo ni la daktari, si letu.

Piga picha. Dirisha lilelile, saa ileile, kila akija.

Hatua ya 2: Wiki 4 za kutuliza
Sabuni laini, losheni isiyo na manukato, na sanskrini (krimu ya kukinga jua), basi. SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, iwe 30 kwenda juu, akamue mistari miwili juu ya vidole viwili, hiyo ndo ya uso na shingo, arudie kila saa 2 akiwa nje. Mwenye melasma mpe ile yenye rangi, yenye oksidi ya chuma (unga wa madini unaoipa rangi), kwa sababu hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unaamsha madoa na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Atakwambia mbona mi nashinda ndani, mwambie miale ya jua iitwayo UVA inapita kwenye kioo cha dirisha, na hiyohiyo ndo inavunja kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mpaka mikunjo inatokea. Asipokubali sanskrini mi siendelei naye, kweli kabisa, nitakuwa nakula hela yake bure.

Hatua ya 3: Dawa moja moja
Kila kipya kijaribiwe nyuma ya sikio saa 48. Anza na niasinamidi (aina ya vitamini B3) asilimia 4 au 5 asubuhi, ikikubali ndo uongeze retino (retinol, ya jamii ya vitamini A) usiku, kiasi cha punje ya njegere uso mzima, usiku 2 tu kwa wiki, uso ukishaoshwa na kukauka kabisa. Ikianza kuchoma punguza, usimwambie avumilie. Mjamzito hapewi retino, yeye mpe asidi ya azelaiki, nayo hufifisha madoa.

Hatua ya 4: Pilingi, kama bado inahitajika
Wengi wakifika hapa hawaihitaji tena. Anayehitaji, naanza na asidi ya mandeliki, moja ya asidi za pilingi, maana inaingia polepole, retino iwe imesimamishwa siku 7, na uliza kama huwa anatoka vidonda vya homa mdomoni, maana pilingi inaweza kuviamsha. Usiondoke pembeni yake hata kuchukua simu, ukiona sehemu inaanza kuwa nyeupe au anasema inachoma sana, osha hapohapo.

Siku ya kwanza kabisa mwambie ukweli, alama za chunusi ni miezi 3 hadi 6, zilizozama ndani zaidi hata miaka, mikunjo inapungua haifutiki, na melasma hurudi akiacha sanskrini. Akifika wiki ya 12 akasema haoni tofauti, toa zile picha muangalie pamoja.