Kubadilisha kishale cha mausi kwenye Linux, na kukifanya kisigeuke-geuke

Kishale kinachokuja na Linux kwa kawaida kina ukubwa wa pikseli 24. Chumbani kwenye kivuli kinaonekana vizuri. Lakini mtu akikaa na leptopu barazani mchana wa jua kali, au mwalimu wa skuli akirusha somo ukutani kwa projekta, kishale hicho hupotea, na wanafunzi wa nyuma hawajui wanaoneshwa nini. Kwa hiyo anza na ukubwa na rangi, urembo baadaye. Kwa leptopu ya kila siku pikseli 32 zinatosha. Kwa projekta weka 48. Rangi iwe ile isiyomezwa na karatasi nyeupe ya LibreOffice wala na weusi wa terminali (dirisha la kuandikia amri). Kwa kazi ya darasani tunapendekeza Bibata-Modern-Amber, mandhari (yaani seti ya picha za kishale) yenye rangi ya kaharabu.

Kwenye Debian, Ubuntu au Linux Mint, fungua terminali ujaribu kwanza njia hii (sudo ni kutumia ruhusa ya msimamizi):

sudo apt install bibata-cursor-theme

Kama una chumba kizima cha kompyuta na bando ni moja tu, usipakue kwenye kila mashine. Pakua mara moja:

apt download bibata-cursor-theme

Utapata faili moja lenye mwisho wa .deb. Litie kwenye flashi, lipeleke kwenye mashine nyengine zenye toleo lile lile la Linux, fungua terminali pale lilipo, kisha andika:

sudo apt install ./bibata-cursor-theme_*.deb

Kama mandhari unayoitaka imekuja kwa faili la .tar.gz au .tar.xz, ifungue ndani ya folda yako ya nyumbani:

mkdir -p ~/.icons
tar -xf Bibata-Modern-Amber.tar.xz -C ~/.icons

Folda ya .icons imefichwa kwa sababu jina lake linaanza na nukta; kwenye dirisha la mafaili bonyeza Ctrl+H uione. Hakikisha njia inakwenda moja kwa moja: ~/.icons/Bibata-Modern-Amber/cursors, na kando ya cursors kuna faili la index.theme. Mara nyingi mtu hukuta folda ndani ya folda yenye jina hilo hilo. Ikiwa hivyo, itoe ile ya ndani uipandishe juu, la sivyo mandhari haitaonekana kwenye orodha.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: flashi. Ndani ya cursors kuna mafaili machache ya kweli, na mengi yaliyobaki ni viungo tu vinavyoelekeza kwenye hayo machache, kwa sababu programu tofauti huita kishale kile kile kwa majina tofauti. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, nayo haiwezi kuhifadhi viungo vya aina hiyo. Ukinakili folda iliyokwisha kufunguliwa, viungo vinapotea njiani. Matokeo yake, kishale ni kizuri kwenye deskitopu, lakini ukifika juu ya linki ya ukurasa wa mtandao au mpaka wa dirisha kinarudi kile cha zamani. Beba faili la .tar.xz lenyewe kama lilivyo, ulifungue ukishafika. Kuhakiki, andika ls -l ~/.icons/Bibata-Modern-Amber/cursors, ukiona mistari mingi yenye alama ya -> mambo ni sawa.

Sasa chagua mandhari, kulingana na deskitopu unayotumia. Kwenye Cinnamon ya Linux Mint, ingia System Settings, kisha Themes. Kwenye XFCE, ambayo ndiyo inayofaa kompyuta kongwe, ingia Mouse and Touchpad, kichupo cha Theme. Kwenye KDE Plasma tafuta Cursors. GNOME haina sehemu ya kuchagua mandhari kwenye setingi zake za kawaida, basi tumia amri:

gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-theme 'Bibata-Modern-Amber'
gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-size 48

Jina unaloandika ni la folda, herufi kubwa na ndogo vile vile zilivyo. Na kama ukubwa ulioomba haumo ndani ya mandhari, programu nyingi huchukua ulio karibu nao. Kwa hiyo ukiandika 48 na kishale kisikue, huenda mandhari hiyo ilitengenezwa kwa ukubwa mmoja tu.

Toka kwenye akaunti, uingie tena. Hatua hii usiiruke. Kila programu hujipakia kishale chake yenyewe inapofunguliwa, na zile zilizokuwa wazi zinaweza kubaki na cha zamani.

Ukiingia tena na bado programu moja ina kishale chake na nyengine chake, maana yake baadhi yao hazisomi setingi za deskitopu. Hizo hutazama mandhari iitwayo default. Tengeneza folda ~/.icons/default, na ndani yake faili la index.theme lenye mistari hii miwili:

[Icon Theme]
Inherits=Bibata-Modern-Amber

Programu zilizowekwa kwa Flatpak (njia ya kuweka programu zikiwa zimetengwa na mfumo) zimefungiwa, na huenda zisifike kwenye .icons. Zifungulie kwa kusoma tu:

flatpak override --user --filesystem=~/.icons:ro

Skrini ya kuingilia nayo ina habari yake. Inaendeshwa kabla hujaingia, na haisomi folda yako ya nyumbani, hivyo mandhari lazima iwe kwenye /usr/share/icons. Iliyowekwa kwa apt imeshafika huko. Ya kufungua mwenyewe inakiliwe hivi:

sudo cp -a ~/.icons/Bibata-Modern-Amber /usr/share/icons/

Hiyo -a ndiyo inayolinda viungo. Kisha, kwenye Linux Mint, fungua /etc/lightdm/slick-greeter.conf kwa sudo, na chini ya [Greeter] ongeza cursor-theme-name=Bibata-Modern-Amber.

Anayetumia mausi kwa mkono wa kushoto asisahauliwe, hasa kwenye chumba cha wanafunzi wengi. Kuna pakiti ya comixcursors-lefthanded, ambayo kishale chake kinaelekea kulia.

Ukitaka kurudi ulikotoka kwenye GNOME, andika gsettings reset org.gnome.desktop.interface cursor-theme, kisha rudia amri hiyo kwa cursor-size. Futa pia folda ya ~/.icons/default, maana ikibaki, programu zile zisizosoma setingi zitaendelea na kishale kile kile.