Maziwa ya mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu: kiasi gani kwa siku, na umpimie vipi

Kliniki ya watoto hapa Lamu, mama anayenisumbua moyo si yule anayelalamika kuwa mwanawe hapendi maziwa. Ni yule asiyelalamika kabisa. Mtoto anamaliza chupa nne au tano kwa siku, mashavu yamejaa, majirani wanamsifu. Ukiuliza anakula nini, jibu ni kwamba wali anauonja tu na samaki anamtema, "lakini maziwa, mashallah." Ukimkunjua viganja, vimepauka.

Maelezo haya ni ya mtoto aliyetimiza mwaka na hajafika miaka mitatu. Wa chini ya mwaka ana hesabu yake, usimtumilie hii.

Hatua ya 1: Kipime kikombe chako

Ukisoma kwenye intaneti kwamba mtoto anywe "vikombe viwili", fahamu kuwa kikombe cha Wamarekani ni mililita 240. Chako kinaweza kuwa 150 au 350. Chukua pakiti ya maziwa ya nusu lita, au chupa ya maji ya mililita 500, ujaze kikombe anachotumia mtoto, uhesabu kinajaa mara ngapi. Kikijaa mara mbili na nusu, ni mililita 200. Ukishakijua, kiwe hicho hicho kila siku.

Hatua ya 2: Andika anachokunywa kweli

Siku moja, toka alfajiri hadi alfajiri. Nyumba zetu zina mikono mingi: wewe umempa asubuhi, nyanya yake kampa saa tano kwa sababu alilia, shangazi kampa alasiri alipoamka, na usiku kalala na chupa mdomoni. Kila mmoja anaapa kwamba amempa kidogo tu. Bandika karatasi jikoni, kila anayempa aandike. Usimkemee mtu siku hiyo, hasa bibi mwenye nyumba, la sivyo hataandika. Mara nyingi jumla inakaribia lita moja na hakuna aliyejua.

Hatua ya 3: Chagua kiasi chake

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa watoto wasionyonya, linagawa hivi: mtoto anayekula samaki, nyama au mayai ya kutosha mara kwa mara anahitaji mililita 200 hadi 400 za maziwa kwa siku. Asiyevipata anahitaji 300 hadi 500. Marekani wanaruhusu zaidi, vikombe vyao viwili hadi vitatu kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, yaani 480 hadi 720, kisha visizidi viwili baada ya hapo.

Mimi nafuata hesabu ya kwanza, kwa sababu inatufaa sisi wa pwani. Nyumba inayopika samaki karibu kila siku haina haja ya kumshindilia mtoto maziwa. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, samaki wakaadimika na bei ikapanda, basi muongezee hadi pakiti moja ya nusu lita. Kaskazi ikirudi na kitoweo kikirudi, unashuka. Nusu lita ndiyo dari yangu; mtoto anayefika 700 kila siku namfuatilia kwa karibu.

Bado ananyonya? Endelea, inashauriwa hadi miaka miwili na zaidi. Akinyonya vizuri, kikombe kimoja kidogo cha maziwa ya ng'ombe kinatosha, na siku akikikataa, usimlazimishe.

Kwa nini kuwe na dari? Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe inampa takriban miligramu 600 za kalsiamu, na mahitaji yake ya siku ni 700. Hapo mifupa imeshughulikiwa. Lakini madini ya chuma, yanayotengeneza damu, anahitaji miligramu 7 kwa siku, na nusu lita hiyo haimpi hata nusu miligramu. Kibaya zaidi, kalsiamu na protini za maziwa huzuia chuma cha vyakula vingine kisifyonzwe vizuri, na watoto wengine wakinywa mengi mno utumbo huvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana chooni. Juu ya yote, tumbo likishajaa maziwa, chakula hakina pa kukaa. Ndiyo maana mtoto mnene anaweza kuwa na upungufu wa damu.

Hatua ya 4: Maziwa yapi

Ya ng'ombe au ya mbuzi, yote sawa. Ya mbuzi yana foleti kidogo, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, kwa hiyo kunde na mboga za majani zisikose. Mpaka atimize miaka miwili mpe yenye mafuta yake yote, si yaliyopunguzwa. Mtindi usiotiwa sukari unahesabiwa kama maziwa, kikombe kwa kikombe, na watoto wengine wanaokataa maziwa ya moto hupenda mtindi.

Maziwa ya kupimiwa, yale yanayovushwa kutoka bara, ni lazima yachemke mpaka yapande, hata kama muuzaji ni jirani yako na ng'ombe unamjua kwa jina. Homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo. Kwa joto letu, yaliyochemshwa yasikae nje zaidi ya saa mbili. Kama huna friji, nunua kidogo kidogo, au tumia pakiti ndogo za maziwa yasiyohitaji friji mpaka zifunguliwe.

Kwenye maziwa ya unga, soma maandishi madogo. Ukiona mafuta ya mimea yametajwa, hayo si maziwa matupu. Wala usitumie pesa kwa makopo yaliyoandikwa "ya watoto wa mwaka mmoja na zaidi". Shirika la Afya Duniani halipendekezi, na bei yake inatosha kununua samaki wa siku kadhaa.

Visivyohesabiwa: maziwa mazito ya kopo yenye sukari, chai ya maziwa, na tui la nazi. Tui ni tamu na lina mafuta mazuri ya kumtia mtoto nguvu, lakini kalsiamu yake ni ya kubahatisha.

Hatua ya 5: Panga saa

Maziwa yakae katikati ya milo, yasiwe pamoja nayo. Siku ya kawaida inaweza kwenda hivi.

Asubuhi, mbaazi za nazi zilizopondwa na kipande cha mahamri, maji ya kunywa. Kamulia ndimu kidogo kwenye mbaazi, kwa sababu vitamini C husaidia chuma cha mbaazi kiingie mwilini. Chai hapo hapana. Najua kifungua kinywa bila chai hapa kwetu ni kama msiba, lakini kunywa wewe. Yeye chai inamzuilia hicho hicho chuma unachomtafutia.

Saa nne, nusu ya maziwa yake. Mchana wali na samaki aliyechambuliwa miba kwa vidole, si kwa macho, na mchicha. Embe likiwepo, afuatishie. Saa kumi alasiri, nusu iliyobaki au mtindi, na ndizi. Usiku chakula, asafishwe meno, alale. Baada ya hapo maji tu.

Hatua ya 6: Kumshusha aliyezoea mengi

Usikate ghafla, utachoka kabla yake. Anza na chupa ya usiku, ndiyo inayoozesha meno ya mbele na kumfanya aamke hana njaa. Kila siku mbili tatu, punguza maziwa ya chupa hiyo na uongeze maji yaliyochemshwa, mpaka ibaki maji matupu. Ataikataa mwenyewe. Kisha hamisha ya mchana kwenye kikombe, akiwa ameketi. Mtoto anayetembea na chupa barazani hunywa bila kujua. Akifika mwaka na nusu chupa iwe imeshaondoka nyumbani, na kuondoka ni kuondoka, si kufichwa kabatini ambako nyanya anaijua.

Siku za mwanzo atalia na kula kutakuwa kwa shida. Mpe chakula kwanza kila mara, maziwa baadaye. Wengi hufunguka ndani ya wiki moja au mbili, na choo kigumu nacho hulegea.

Hatua ya 7: Wakati wa kumleta kliniki

Weka kiganja chake kando ya chako mchana kwenye mwanga. Kikiwa cheupe, mlete apimwe damu. Mlete pia akila udongo au makaa, akichoka kucheza, au uzito ukisimama kwenye kijitabu. Akivimba uso, akitoka vipele mwili mzima au akitapika kila anapokunywa maziwa, acha kumpa na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya minyoo apate kila miezi sita, kwa kuwa minyoo nayo hunyonya damu.

Usimnunulie dawa ya chuma dukani kwa kukisia. Ikizidi ni sumu kwa mtoto mdogo. Ukiandikiwa, mpe kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa maziwa, na chupa ya dawa iwekwe juu asipofika.